Kama Hana Kazi, Alime

Barabara ya lami ilipokamilika, kambi ya wajenzi kule Mikumi ikavunjwa na baba wa watoto wangu akarudi kijijini bila kazi. Tulikuwa tumeshaachana. Mahakama ya mwanzo kule Kilosa ilimwamuru alete matumizi ya watoto wetu wawili kila mwezi, na kwa kweli alikuwa analeta. Mshahara ulipokatika, matumizi nayo yakakatika, mwenzangu akajitia hamnazo. Wanangu wakaanza kulala na uji mtupu.

Nikamrudisha mahakamani. Watu walinicheka, eti unamshitaki mtu asiye na mbele wala nyuma, utamkamua nini. Nilikuwa na hasira, sikusikia la mtu.

Akasimama mbele ya hakimu na wale wazee wawili washauri wa mahakama, sauti ya upole mpaka nikatamani kumzaba kibao. "Mheshimiwa, sina kazi. Na kwa mila zetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Wajomba zao wapo, wawalishe."

Ni kweli, kwetu Usagara mtoto hufuata ukoo wa mama. Lakini siku za mshahara hakuikumbuka mila hiyo hata mara moja.

Nikaomba kusema. "Wazee wangu, kama ni mila, tuichukue yote. Kwa mila hiyohiyo, mwanamume anayeoa kwetu hulima ukweni. Huyu alikimbilia Mikumi, hajamlimia mama yangu hata tuta moja. Mshahara hana, mikono anayo. Basi alime."

Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. Hakimu hakucheka, ila aliamuru hivyohivyo: mpaka apate kazi, alime shamba langu la Kisanga, watoto wapate chakula.

Akalima, amenuna. Sisi kina mama tukitoka shamba la ujamaa tulikuwa tunapita palepale makusudi, tunamsalimu kwa adabu zote, "Pole na kazi, ndugu." Nilikuwa nafurahi, sifichi.

Wakati wa palizi hakutokea. Akaja mke wake mpya, binti mdogo, mimba kubwa, jembe begani. "Shikamoo dada. Nimetumwa nije kupalilia." Nikamuuliza mumewe yuko wapi. Akasema yuko kilabuni, eti palizi ni kazi ya wanawake.

Nikamnyang'anya jembe. Nikamketisha, nikampakulia viazi, akala kwa haraka bila kuinua macho. Alipomaliza nikamwambia twende. Kilabuni nikamkuta bwana mkubwa na wenzake, kata ya pombe mkononi. Nikaliweka lile jembe mapajani mwake.

"Mahakama haikumtaja huyu binti. Ilikutaja wewe. Inuka."

Wenzake wakatazama chini. Akainuka, akatutangulia mpaka shambani, akapalilia. Mahindi yale ndiyo yaliyowavusha wanangu mwaka ule, na sikumshukuru.

Mimi na yule binti tulikaa pembeni mwa shamba tukimwangalia anavyoinama na kuinuka. Alikuwa ameweka mkono tumboni. Halafu akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, huko mahakamani mtu anaanzia kwa nani?"