Vibao Vinne Vitupu

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumatano, mwanangu, nilipoingia darasani kichwa kimenivimba kwa sifa. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu wa kufundisha hapa Butembo, kwenye shule moja ya upande wa Vulamba, na tayari nilikuwa nimekabidhiwa darasa la sita, lile linalofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wazazi walinisifu sokoni. Nami, usicheke, niliamini hapakuwa na mwalimu mwenye haki kama mimi.

Wiki ile nilikuwa nimempa Directeur, mkuu wetu wa shule, orodha ya watoto wa kuandikishwa mtihani. Wanne niliwaacha nje, nikawaandikia neno moja tu: warudie. Wote wanne walikuwa wamefika katikati ya mwaka wakikimbia vita upande wa Kanyabayonga, kama hao unaowapokea wewe sasa darasani kwako. Mmoja wao aliitwa Kavira, binti wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa amekwisha kuniambia waziwazi kwamba mwaka mwingine wa shule hatauweza. Kavira asipofanya mtihani, ataacha masomo aanze kubeba mizigo sokoni pamoja naye. Nilisikitika sana, lakini jina lake sikuliandika.

Directeur wetu alikuwa mzee kutoka jimbo la Kasaï, aliyeletwa huku na serikali hata akazeekea kwenye baridi yetu. Asubuhi ile alikuja darasani na orodha yangu mkononi.

"Madame, bale batoto bane, unajua namna gani kama habawezi?"

"Habajibu, Directeur. Beko kimya tu."

"Bien. Acha nikae huku nyuma."

Akawaambia watoto kwamba kila Madame atakapomtaja mmoja ajibu, huyo apige mstari wa chaki nyuma ya kibao chake cha kuandikia, ile ardoise yake. Alisema hivyo mbele yangu, bila kuficha lolote. Sikutegwa, mwanangu. Nilijua kabisa kinachotafutwa, na moyoni nikajisemea kwamba leo mzee huyu ataona kazi.

Nikafundisha hesabu za sehemu. Somo likachangamka, vidole juu, "Madame, mi! Madame, mi!", hata nikasahau kuwa kuna mtu nyuma. Kengele ya mapumziko ilipolia, Directeur akasimama.

"Batoto, muinue ma-ardoise."

Vibao vikapanda. Mbele walikaa watoto wa wafanyabiashara, ambao nyumba zao nilizijua: mistari sita, mistari saba. Katikati, mitatu. Kwenye benchi la mwisho, vibao vinne vyeusi ambavyo chaki haikuvigusa. Kavira alikuwa ameinua chake juu kuliko wote, kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa ameambiwa ainue. Uso ulinishuka. Mpaka leo nikiikumbuka mikono ile naona aibu.

Watoto walipotoka nikaanza kujitetea.

"Directeur, mi nabasikilia huruma! Bameona vita. Sikutaka kubasumbua na maulizo mbele ya benzabo."

"Najua. Lakini umebasikilia huruma mpaka umebasahau. Kisha unaandika kama habawezi. Ulibauliza siku gani?"

Angeweza kunimaliza palepale, lakini mzee yule aliketi kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kidevuni.

"Na mi nilifanya vile," akasema. "Wakati nilitoka Kasaï, nilizani batoto ba Butembo beko na akili ya biashara tu, kitabu hapana. Nikakuwa nabafundisha nusu-nusu. Nilikawia sana kujiona." Akanirudishia orodha. "Sitaisinie leo, sitatia mkono wangu. Uko na juma mbili."

Kesho yake nikamwita Kavira ubaoni. Akasimama, akatazama chini. Siku zile za kwanza walipofika, nilingoja kidogo tu nikampa mwingine, nikiita huo wema. Mbele wakaanza kupiga vidole. Nikawaambia washushe mikono, nikangoja. Kungoja kule, mwanangu, kulinitoa jasho kuliko kufundisha.

Akaja. Akafanya hesabu yote mpaka mwisho, bila kosa. Kisha akanyoosha chaki kwenye mfano wangu wa jana, uliokuwa bado ubaoni.

"Madame, lakini ile ya juu haiko sawa."

Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimekosea kujumlisha, na darasa zima lilikuwa limenakili kosa langu.

"Uliona lini?"

"Jana."

"Sasa juu ya nini hukusema?"

"Hukuniuliza, Madame."

Nilicheka, nikalia, yote mara moja. Siku ile ile niliandika majina manne kwenye orodha ya mtihani kwa mkono wangu.

Siku ya matokeo, Kavira alikuwa wa pili shule nzima! Wawili wenzake walishinda pia. Wa nne alianguka, akarudi kwangu, nikamuuliza maswali mwaka mzima mpaka akanichoka, naye akashinda. Mama yake Kavira alifika na kopo la podari, ile poda nyeupe tunayommwagia aliyeshinda, akammwagia bintiye kichwani, vigelegele kila upande, kisha akanigeukia akanimwagia mimi yote iliyobaki. Nilitembea Vulamba nzima nimepauka kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya unga wa muhogo, na sikujifuta. Leo Kavira anafundisha hesabu huko Beni, na nasikia wanafunzi wake hawalali darasani.

Kwa hiyo, mwanangu, usijiulize kama una haki. Utajijibu ndiyo, kama nilivyojijibu mimi. Kabla ya kutoka darasani, kumbuka ni nani hukumtaja leo, kisha jiulize kwa nini. Pengine baba yake ni askari aliyetoka mbali, pengine ametoka Kipese na matope ya shamba miguuni, pengine unamhurumia tu. Mtaje. Ukishamtaja, mngoje. Mwombe mwenzako akae nyuma akutazame, na akikuonyesha kosa lako usilale na aibu siku tatu. Aibu yako haimsaidii mtoto. Kesho asubuhi mwite ubaoni.

Mungu akupe macho ya kumwona yule unayemruka na moyo wa kungoja jibu lake. Akujalie miaka mingi na sauti isiyokauka, na wanafunzi wako wakusahihishe mbele ya darasa zima, nawe ufurahi. Amina.