Firigisi ya Baba Mkwe

Jumamosi ya kwanza ya Desemba 1993, nilikuwa nikinyonyoa kuku nyuma ya nyumba pamoja na wifi yangu. Mishahara ya mgodi ilikuwa imekoma, nasi tuliishi kwa kufuga kuku wa nyama. Baba mkwe alikuwa amewasili kutoka Kambove.

Mezani alipekua bakuli kwa kijiko, akanigeukia. "Mutoto wangu, firigisi iko wapi?"

Kwetu, kumnyima mkubwa firigisi ni kumwambia kwamba hatakiwi nyumbani.

"Kuku ya bazungu haina firigisi, baba!" wifi alicheka, huku akifuta midomo. Niliitazama midomo hiyo. Baba mkwe alinitazama mimi, akanawa, akaondoka bila kula.

Baada ya majuma machache nilimwandikia: "Baba, rudi. Jogoo yupo. Safari hii umpasue mwenyewe, mbele yetu sote."