Chumvi yangu ilivyowaka kijani mbele ya wazazi, mzee wangu akaliokoa somo la nyota

Wakuu, salaam huko mliko. Hii si chai, imenikuta mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba Kongo, shule moja ya sekondari mtaa wa Manika. Mwanamke, ndiyo, kabla hamjauliza.

Mkuu wa shule alikuwa anaona kipindi changu cha nyota ni kupoteza muda. Akaniambia waziwazi: siku ya wazazi waeleze, wakikikataa nakifuta.

Siku ikafika. Nikaeleza kwamba kila elementi ikiwaka ina rangi zake. Mwanga wa nyota ukiutawanya kama upinde wa mvua, utaona mistari myeusi pale elementi zilipomeza rangi zao. Ukiijua mistari, umejua nyota ina nini.

Mzazi mmoja, mchimbaji, akanyanyuka. "Madame, nani alifikaka kule ku nyota akaleta hata libwe moja?" Yaani hata jiwe.

Ukumbi ukacheka. Nikasema subirini demo. Nikanyunyizia chumvi, ambayo inatakiwa iwake njano, kwenye moto wa spiriti.

Wakuu, ikawaka kijani!

Watu wakacheka hadi kugonga madawati. Mkuu wa shule akatazama saa. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Sasa, nyuma kabisa alikaa baba yangu, mtu wa Kasai aliyestaafu kazi ya tanuri la kuyeyusha shaba. Yeye hakucheka.

"Munacheka nini? Moto haisemaka bongo! Mu ile chumvi muko shaba."

Nikaangalia kopo la chumvi. Jamani! Ndilo nililowekea mawe ya kijani yenye shaba ya somo la wiki iliyopita, na vumbi lake lilibaki humo. Hiyo bongo, yaani uongo, ilikuwa yangu, moto ulisema kweli.

Mzee akamgeukia mchimbaji. "Tata, mi sikutiaka mukono mu four, mu ile tanuri, hata siku moja. Rangi ya moto ndiyo ilikuwa inaniambia mule ndani muko nini."

Mchimbaji akaja mbele mwenyewe. Nikampa kisanduku changu cha katoni chenye kipande cha CD na mpasuo mwembamba, cha kutawanya mwanga, akakielekeza angani (si kwenye jua lenyewe, msijaribu, mtapofuka). Kwenye njano akaona mstari mweusi.

Nikamwambia hiyo ni sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na hapo iko juani, na jua nalo ni nyota.

"Ku jua kabisa?" Akagoma kurudisha kisanduku hadi mke wake aone.

Wazazi hawakukikataa kipindi, na hakikufutwa. Jumatatu mzee alivaa koti, akasimama kwenye ubao wangu kufundisha rangi za moto, na mimi nikakaa dawati la mwisho naandika. Nilijivuna hadi machozi.

Nilichojifunza: nimesomea mwanga chuo kikuu miaka mitano, na sikuwahi kumuuliza baba kazini alikuwa anatazama nini.

Haya, na mzee wako je? Mwaga hapa chini. Kama hujui, funga simu kwanza, nenda kamuulize.