Tawi Nyuma ya Baiskeli

Juma lililopita, katika barabara ya kando ya ziwa, nje kidogo ya Kalemie, nilimwona mchuuzi akishuka mlima kwa baiskeli huku akiburuta tawi la majani mabichi. Vumbi lilinuka kama alasiri moja ya utoto wangu.

Papa, baba yangu, alikuwa amenipakia nyuma ya baiskeli yake, twende kwa nyanya yangu. Njia nzima niliwaza maneno ya dada yangu mkubwa: "Papa anaenda kukuacha kule. Hautarudi tena." Hakuwa na ushahidi, nami sikumdai. Juu ya mteremko Papa alikata tawi, akalifunga nyuma kwa kamba. Tulipoanza kushuka niliona majani yakifuta alama za magurudumu, nikaamini anaificha njia ya nyumbani. Nikalifungua fundo.

Baiskeli ilichomoka. Upepo ulivuma masikioni, na ziwa likatujia kwa kasi. "Nishike!" Papa alipiga kelele, akikandamiza gurudumu la mbele kwa ndala mpaka mpira ukanuka kuungua. Tulisimama majanini, hatua chache kabla ya maji.

"Ni wewe njo ulifungua kamba?"

"Ndiyo, Papa. Nilitaka alama zibaki, nipate kurudi."

"Kurudi na nani? Baiskeli hii haina breki, mutoto. Lile tawi njo breki yake. Na kesho tunarudi wote wawili."

Mbele barabara ilipanda kilima, kisha kulikuwa na mteremko mwingine. Alikata tawi jipya, akanipa mimi kamba. Nilifunga mafundo matano, nikalivuta kila moja, ndipo nikapanda.