Mguu wa Mama Yenu

Juzi nilijikuta nikiwasalimia kwa sauti vijana nisiowajua, waliosimama kwenye kona, nikamkumbuka mama.

Alasiri moja, nikiwa mdogo, tulikuwa tukitoka soko la mbuzi la Kiamaiko kununua matumbo, harufu ya mbuzi imetuganda nguoni. Mbele yetu vijana watatu waliziba uchochoro, macho yao kwenye mkoba wake. Mama alinishika mkono, akawaendea moja kwa moja.

"Hamjambo wanangu! Mguu wa mama yenu umepona?"

Walitazamana. "Umepona, mathe," mmoja akajibu polepole, akatupisha.

Nilifurahi kuwa na binamu wengi hivyo, nikawapungia mkono. Tulipofika nyumbani, mtaa wa Jericho, nilimuuliza tutaenda lini kumwona huyo shangazi mgonjwa. Mama alicheka mpaka akakaa chini, mikono ikaanza kumtetemeka. Nilidhani ni kicheko.