Miguu ya Mama Kwenye Zege

Ninyi vijana mnaojenga, nisikilizeni. Asubuhi hii harufu ya saruji mbichi imenirudisha utotoni, kwenye vilima vya Ilemela, watu walipokuwa wanakimbilia kujenga nyumba za tofali. Mama alipata kibarua cha zege. Akavua ndala, akaingia kulikanyaga kama udongo wa kukandikia nyumba.

“Mama, toka! Saruji inaunguza!” fundi alifoka.

“Nimekandika nyumba wewe hujazaliwa,” mama akacheka, akaendelea kukanyaga.

Jioni hakuweza kusimama. Nikamnawisha miguu, ngozi ya vidole ikabaki mkononi mwangu. Mama alinibana bega bila kulia.

Leo wajukuu wanachanganya zege la choo uani. Nimewaambia: “Asiyevaa gambuti asiguse sepetu.”