Bibi na Filamu Bubu Siku ya Posa

Miaka ya tisini, watu wa mji wa Mudhaibi walipokuja kuniposa nyumbani kwetu mjini Ibra, mjomba alikuwa ameleta kanda ya filamu bubu ya kuchekesha, watoto wapate kutulia. Wageni walikuwa wanaume watupu. Walikaa majlisi, chumba cha wageni, pamoja na baba, wakakirimiwa halwa na kahawa. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili na televisheni, kati yetu na wao pazia tu. Kijana mwenyewe nilishamwona mara moja nikampenda, wala sioni haya kusema. Nilitega sikio nimsikie baba akikubali.

Bibi akaikodolea macho televisheni. "Haa! Huu si mchezo wetu huu?"

Alipokuwa msichana Unguja, shuleni kwao waliuigiza jukwaani, na kazi yake yeye ilikuwa kujificha pembeni awakumbushe wenzake maneno. Sasa anawaona watu wanafumbua vinywa na neno halitoki. Akajua wamesahau wote. Akaanza kuwakumbusha, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, aliwakumbusha kwa kupiga kelele.

"Muongo mkubwa we! Ushaposa kwengine, unakuja kuposa na hapa?"

Mama akamvuta mkono, bibi akajichopoa.

"Na baba'ko anajua! Kakaa kitako anakula vya watu!"

Tukasikia kikombe kimeanguka. Kisha sauti ya baba wa kijana: "Wallahi, bibi, nani kakwambieni? Yule mchumba wake wa Manah tulitaka kwanza tumalizane naye!"

Baba, maskini, alikuwa hajui lolote, si la filamu wala la Manah. Mabinti wa mjomba walicheka mpaka wakalala chini. Mimi iliniuma, iliniuma hasa, na juu ya maumivu nikashikwa na hasira. Wageni walivaa viatu wakaondoka bila kutazamana.

"Mbona wanakwenda?" bibi akalalamika. "Bado mwisho."

Mwishoni mwa filamu yule bwana akarudi kwa mchumba wake wa kwanza. Mchumba wa pili akabaki mlangoni, anasema na kusema, mikono juu. Bibi akaacha kukumbusha.

"Anasema nini, bibi?"

"Huyo kwetu alikuwa hana maneno tena. Akitoka tu."

Nikaisogelea televisheni, nikamsemea mimi, kwa sauti kubwa kuliko ya bibi: "Nenda zako! Nenda, wewe na baba'ko, na halwa yetu tumboni!"

"Wameshakwenda, mwanangu," baba akanijibu kutoka majlisi.